Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Vepu ya baba si vepu ya mwana

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
na kwa wote waliokabidhiwa kazi ya kudhibiti tumbaku na nikotini katika Jamhuri ya Kenya.

KUH: SIGARA ZA KIELEKTRONIKI, WAVUTAJI WATU WAZIMA NA WATOTO WA SHULE

Mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni fundi wa umeme wa magari hapa Mombasa, sina shahada ya udaktari wala cheo chochote, na sikukusudia kukuandikia mbele za watu. Barua ya kwanza niliipeleka mwenyewe kwa mkono mwezi wa Februari, ikagongwa muhuri wa IMEPOKELEWA. Nilipofuatilia nikaambiwa jambo hilo si la ofisi ile, nijaribu ofisi ya pili. Ofisi ya pili wakanituma ya tatu. Huko mama mmoja mpole alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akaniambia, "Kaka, hata wangu anavuta." Kisha akanigongea muhuri mwingine. Sasa nina mihuri mitatu na jibu sina, ndiyo maana leo naandika kila mtu asome.

Nianze na yangu, kwa sababu bila hayo utanidhania mmoja wa wale wanaopiga kelele wasichokijua.

Nilianza kuvuta mwaka 1993, nikiwa taniboi wa lori la Mombasa hadi Malaba. Usiku barabarani sigara ndiyo saa, ndiyo chai, ndiyo mazungumzo. Nilivuta miaka 28, na ile ya mwisho ilikuwa pakiti nzima kwa siku. Kila Ramadhani nilikuwa naacha kutwa nikijiambia mwaka huu ndio basi. Adhana ya magharibi ikiisha ni tende moja, maji mafunda mawili, kisha natoka uani na kiberiti. Nilijaribu chingamu ya nikotini ya duka la dawa, ikanishika wiki tatu, mfuko ukashindwa.

Mwaka 2021 binamu yangu aishiye Leicester, Uingereza, alikuja harusini akaniletea sigara ya kielektroniki, yaani vepu, ile ya kujaza mwenyewe, pamoja na chupa za majimaji zilizoandikwa nguvu yake: miligramu 12, 6, 3. Kwao, alisema, ni muuguzi wa kliniki aliyemwelekeza. Nilizishuka hizo ngazi kwa miezi kumi na minne mpaka nikakiweka chini hata hicho chombo. Kikohozi cha alfajiri kilichokuwa kikiamsha nyumba kimekatika, na orofa ya nne naipanda bila kusimama katikati nikajifanya natafuta funguo.

Basi Januari mwaka huu mama watoto akaniita chumbani kwa kijana wetu wa miaka 15. Chumba kinanukia tikiti maji, na hakuna aliyenunua tikiti. Tukapekua. Ndani ya kisanduku cha jometri, baina ya rula na bikari, kulikuwa na kidude cha rangi ya waridi, laini, kama kalamu nene ya kupakia rangi. Walichanga watatu, shilingi mia tano kila mmoja, wakaagiza kwa simu, bodaboda akawaletea. Nilipomfokea alinitazama bila ukorofi wowote akauliza, "Baba, si hata wewe ulitumia?"

Swali hilo ndilo lililozaa barua zote nne. Malalamiko yangu ni haya.

1. Ujumbe mmoja kwa watu wawili

Ujumbe wa afya unaotufikia huku mtaani ni kwamba chochote chenye nikotini ni sawa na kingine. Sigara, vepu, vipakiti vya kuweka chini ya mdomo, vyote sumu, basi. Ukimwendea muuzaji naye ana lake: hiyo ni mvuke tu, haina neno. Hakuna hata mmoja kati yenu anayetueleza ukweli mzima.

Kinachoua ndani ya sigara ni moshi. Jani likiungua hutoa kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 69 kati ya hizo zinajulikana kuleta saratani. Kuna lami inayogandia mapafuni. Kuna kaboni monoksidi, gesi ile ile ya ekzosi ninayofanya kazi kando yake kila siku, ambayo huikalia damu nafasi ya oksijeni. Nikotini hupandisha mapigo ya moyo na presha, na ndiyo inayomfunga mtu kamba asitoke, lakini saratani ya mvutaji inatoka kwenye moshi. Daktari Michael Russell wa London aliliandika hilo mwaka 1976: watu huvuta kwa ajili ya nikotini, ila hufa kwa lami.

Sigara ya kielektroniki haichomi jani. Inapasha moto majimaji ya propilini glaikoli, gliserini, ladha na nikotini mpaka yawe ukungu. (Mvuke ni wa birika la chai, huu si maji.) Ukungu huo una madhara yake, ila sumu nyingi za moshi hazimo, au zimo kwa kiasi kidogo mno. Shirika la afya ya umma la Uingereza lilitamka mwaka 2015 kwamba madhara ni pungufu kwa takriban asilimia 95. Wapo wataalamu walioipinga namba hiyo wakisema ni makadirio, na mimi sitaigombania. Jaribio la Uingereza lililotangazwa mwaka 2019 ndilo linalonigusa zaidi: wavutaji karibu 900 waliotaka kuacha waligawanywa makundi mawili. Baada ya mwaka, waliopewa sigara ya kielektroniki waliokuwa wameacha sigara walikuwa asilimia 18. Waliopewa chingamu ya nikotini, plasta ya nikotini ya kubandika ngozini na mfano wake, asilimia 9.9. Niseme na upande wa pili, maana ni jaribio lilo hilo: katika waliofaulu kwa vepu, wanne kati ya watano walikuwa bado wanaivuta.

Hiyo ni hesabu ya mtu kama mimi. Mtoto ambaye hajavuta hana moshi wa kupunguza. Hesabu yake haianzii sigara 20 kwa siku, inaanzia sifuri, na kila anachovuta kinaongezeka juu ya sifuri hiyo. Nikotini hufika kwenye ubongo kwa sekunde chache, na ubongo wa binadamu unaendelea kujengeka mpaka karibu miaka 25. Uraibu ukiingia mapema hivyo unakuta nyumba bado haijaezekwa.

Kwa hivyo mzee wa miaka 50 akisikia "vyote ni sawa" anajibu kama alivyonijibu jirani yangu fundi wa bodi, sigara mdomoni: "Kama ni sawa, basi naendelea na hii niliyoizoea." Na mtoto aliyemwona baba yake akipona kikohozi anaamini mmemdanganya kwa yote, hata yale ya kweli.

2. Hakuna anayetwambia ndani mna nini

Kile kidude nilikipeleka gereji nikakifungua mezani kwa bisibisi ya saa. Kuna betri ya lithiamu ya volti 3.7. Kuna kihisi kidogo mfano wa maikrofoni, kinachoshtuka ukivuta pumzi, ndiyo sababu hakina swichi. Kuna bomba la pamba iliyoloa, na katikati yake waya uliojikunja mara tano sita. Nikaupima: omu 1.1. Ni hita ile ile ya kuchemshia maji ya kuoga, imefanywa ndogo kama punje ya mchele. Pamba iliyoukumbatia waya ilikuwa nyeusi tii. Pamba ikikauka na waya ukaendelea kuwaka, majimaji huungua na kutoa fomaldehaidi na akrolini. Na waya wa nikeli na kromi huachia chembe zake ndani ya ukungu. Nimeunguza hita za kutosha maishani, harufu hiyo naijua.

Ganda limeandikwa asilimia 5, mililita 10. Nikafanya hesabu ya darasa la sita. Asilimia 5 ni kama miligramu 50 kwa kila mililita, kwa hivyo chombo kizima kina miligramu 500 za nikotini. Mvutaji hufyonza miligramu 1 hadi 2 kwa sigara moja. Najua si yote ya kwenye chombo inayoingia mwilini, lakini iingie nusu tu, bado ni zaidi ya pakiti sita za sigara ishirini, katika kitu kinachoenea kwenye kisanduku cha jometri. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya kikomo ni miligramu 20 kwa mililita na majimaji yasizidi mililita 2 kwa chombo. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 1 Juni 2025 zile za kutumia na kutupa haziuzwi kabisa. Binamu yangu nilipomtumia picha alipiga simu papo hapo kuuliza kama duka lile limefungwa. Halijafungwa.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Nikotini ya kawaida kwa nguvu ile ingemkaba mtoto koo akaitupa. Watengenezaji huichanganya na asidi, kama ya benzoiki, ikawa chumvi ya nikotini, laini, inateremka bila kukwaruza. Mimi na chupa yangu ya miligramu 12 nilikuwa nakohoa. Yeye na hamsini yake hakohoi.

Na haya yote ni iwapo ganda linasema kweli. Halina jina la aliyeliingiza nchini, halina anwani, halina onyo kwa Kiswahili wala Kiingereza.

Watu hupenda kunitajia "zile vepu zilizopasua mapafu Marekani". Naam, mpaka Februari 2020 Marekani walikuwa wamehesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufa, na waliokufa ni 68. Uchunguzi uliwapeleka kwenye vitamini E asiteti, mafuta yaliyochanganywa hasa ndani ya majimaji ya bangi ya kununua vichochoroni. Wanaolitaja tukio hilo kumtisha mvutaji asiache sigara wanamkosea. Lakini lina funzo kwetu: kilichowaua ni majimaji yasiyojulikana yametoka wapi, na hayo ndiyo yanayouzwa hapa.

3. Shule zimeachiwa mzigo

Shuleni walimkuta kijana wangu na kidude kingine mwezi wa Machi wakamrudisha nyumbani wiki mbili. Siwalaumu sana walimu, wana wanafunzi mia kadhaa na hakuna aliyewafundisha la kufanya. Lakini mraibu ukimfungia nyumbani peke yake wiki mbili umempa nini? Siku ya tatu bila kuvuta alivunja sahani kwa sababu dada yake alimwomba chumvi. Halali, hasomi, mikono inatafuta kitu cha kushika. Nilimpeleka kliniki. Tuliandikiwa vitamini.

Mwezi Mei 2024 Mombasa nzima ilitikisika kwa muguka. Gavana akapiga marufuku, Rais akasema marufuku hiyo ni batili, tukaandamana, tukashtakiana. Sijutii zogo lile, muguka umetuharibia vijana tunawaona. Ila muguka una majani na mate na mashavu yaliyovimba, mzazi anaona. Hiki kinanukia tikiti maji na hakuna aliyeandamana.

4. Anayetaka kuacha hana pa kwenda

Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa badala za nikotini, chingamu na plasta, kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Mimi nimeuliza kwenye zahanati tatu za umma karibu na kwangu. Kwenye mbili walidhani nauliza bazoka. Anayetaka kuacha sigara leo mtaani kwangu ana njia mbili, ajikaze au anunue kidude kisicho na anwani.

Na faida ya kuacha si ya kubahatisha. Madaktari wa Kiingereza walifuatiliwa miaka 50 kuanzia 1951. Mvutaji wa maisha alipoteza wastani wa miaka kama 10. Aliyeacha akiwa na miaka 50 alirudishiwa kama 6, aliyeacha na 60 kama 3. Nilipoyasoma hayo nilikaa chini nikapiga hesabu ya vidole, nikaanzia 47.

5. Sigara ya rejareja

Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 imekataza kuuza sigara moja moja. Nenda kioski chochote: pakiti iko wazi kaunta, na kiberiti cha gesi kimefungwa kwa kamba dirishani ili asiondoke nacho mtu. Nataja hili kwa sababu kila nikiandika kuhusu vepu hudhaniwa nimesahau nini kinachozika watu. Sijasahau.

Mheshimiwa, majibu ninayotarajia nayajua, nimeshayapokea mlangoni.

Nitaambiwa sheria ya 2007 ilitungwa kabla vyombo hivi havijazoeleka. Kweli. Lakini mswada wa kuirekebisha, unaogusa sigara za kielektroniki na vipakiti vya nikotini, ulipelekwa Seneti mwaka 2024, na mtoto anamaliza kidato kizima wakati sisi tunasoma vifungu.

Nitaambiwa tutapiga marufuku, yaishe. Tumeshaona. Shisha ilipigwa marufuku Desemba 2017, na Januari 2024 hakimu wa Shanzu, hapa hapa kwetu, akawaachilia watu 48 walioshtakiwa nayo kwa kuwa marufuku yenyewe haikufuata njia ya bunge. Uganda wao walizikataza sigara za kielektroniki kwa sheria kamili ya mwaka 2015. Mkiamua kukataza, angalau ikatazeni hivyo. Lakini fikirieni pia mvutaji wa miaka 50 mtakayemwachia sigara peke yake, ambayo itaendelea kuuzwa halali kila kona.

Nitaambiwa hakuna pesa wala vifaa vya kupima. Hili ndilo linaloniumiza. Serikali hutoza ushuru majimaji ya nikotini kwa kila mililita. Mkono unaoweza kuhesabu mililita kwa ajili ya ushuru unaweza pia kugeuza ganda ukasoma nguvu yake. Na kanuni za kudhibiti tumbaku za 2014, ambazo Mahakama ya Juu ilizithibitisha mwaka 2019, zinawataka wenye viwanda na waagizaji wa tumbaku kutoa mchango wa asilimia 2 kwa mfuko wa kudhibiti tumbaku. Chingamu ya zahanati ingetoka humo.

Kwa hivyo naomba haya. Kwanza, ujumbe wa afya utenganishwe: mvutaji mtu mzima aambiwe waziwazi kwamba kuhamia kabisa kwenye nikotini isiyo na moshi kunampunguzia hatari, na kwamba kuvuta vyote viwili kwa pamoja hakumsaidii kitu; asiyevuta, na mtoto hasa, aambiwe asianze, kwa sababu zilizo za kweli. Pili, nguvu isizidi miligramu 20 kwa mililita, kila ganda liwe na jina na anwani ya mwagizaji na onyo kwa Kiswahili, na sampuli zipimwe kabla hazijafika dukani. Tatu, auzaye awe na leseni, mlango wake usiwe karibu na shule, na uuzaji wa kuletewa na bodaboda bila kuulizwa umri ukomeshwe. Ladha za peremende ziondolewe. Najua wapo watu wazima wanaozipenda, mimi mwenyewe nilivuta ya mnanaa, watavumilia. Nne, plasta na chingamu ziwekwe kwenye zahanati za umma, na shule zipewe mtu wa kumshughulikia mtoto aliyenaswa kabla ya kumfukuza.

Hili la nne lisingoje mswada. Mganga mmoja wa zahanati aliyefundishwa wiki moja angelitosha shule kumi.

Kijana wangu sasa ana wiki ya tano bila kuvuta. Namleta gereji jioni, namfundisha kufunga nyaya za taa, mikono ipate kazi. Wiki iliyopita alinipa jina la duka bila mimi kumuuliza. Sitaliandika hapa, nitamtajia ofisa wako yeyote atakayenipigia.

Nakala za barua tatu za kwanza, pamoja na mihuri yake, nimeziambatanisha kwenye bahasha iliyokuja kwako kwa rejista. Ndani yake utakuta pia kile kidude, kimefunguliwa, waya na pamba yake nyeusi vikiwa ndani ya mfuko wa nailoni. Betri nimebaki nayo. Posta walikataa kuipokea, walisema ni hatari.

Wako mwaminifu,

Fundi wa umeme wa magari,
Mombasa